Steringi Anapokufa

Mkazi wa Wema aliyetaka kuona filamu ya Kihindi katika miaka ya 1950 na 1960 alikuwa na safari ndefu mbele yake. Kijiji chenyewe kiko kando ya Mto Tana, jirani na Garsen, kati ya migomba na miembe ya Wapokomo, na majumba ya sinema yalikuwa Mombasa, zaidi ya kilomita 200 kusini. Ilimbidi afike kwanza Malindi, apande gari jingine, avuke maji ya Kilifi kwa feri, ndipo aingie mjini na kupanga foleni mlangoni pa Regal au Naaz. Haikuwa safari ya kufanywa kwa ajili ya starehe ya saa tatu. Nyimbo za filamu hizo, hata hivyo, hazikuhitaji feri. Zilikuja kwa redio na kwa santuri, na mara nyingi zilikuja zikiwa zimekwisha kuvishwa maneno ya Kiswahili, hata mtu akaweza kuupenda mdundo wa filamu ambayo hajaiona na wala hataiona.

Watoto wa pwani hii walikua na sheria moja ya sinema ambayo hakuna aliyeiandika: steringi, yaani shujaa wa picha, hafi. Atapigwa, atafungwa, atatupwa mtoni akiwa kwenye gunia, lakini mwisho wa picha atasimama. Filamu za mapenzi za Kihindi, zile za machozi, ziliivunja sheria hiyo waziwazi. Mpenzi anauawa, au anajiua, au anaishi huku moyo wake umezikwa. Watu wakazitazama hadi mwisho, wakatoka na macho mekundu, na zilipoletwa tena wakarudi kununua tiketi. Kwa nini walirudi ni swali linalostahili kujibiwa kwa utulivu, na jibu lake linapita Unguja, Mombasa na Lamu kabla ya kufika Tana.

Tuanze Unguja, kwa kuwa huko ndiko watazamaji walikoulizwa. Mwanahistoria Laura Fair alikaa miaka mingi akikusanya kumbukumbu za waliokuwa wakienda sinema Zanzibar na Tanzania Bara, na mwaka 2018 alitoa kitabu kizima juu yao. Unguja mjini kulikuwa na jumba la sinema la fahari tangu 1921, lililoitwa Royal. Liliungua mwaka 1953, na mahali pake likajengwa Majestic, lililofunguliwa 1955. Palikuwa na Empire, na palikuwa na Sultana. Jumapili jioni mji ulihamia huko. Watu walivaa nguo zao bora, wakajitia manukato, wakatoka na jamaa zao, na tiketi zilipokwisha dirishani walanguzi walikuwa nazo kwa bei ya juu zaidi. Wanawake waliokuwa hawatoki ovyo walikuwa na maonyesho yao wenyewe ya mchana, ambako mwanamume hakuruhusiwa kukaa ukumbini. Buibui zilivuliwa vichwani, watoto walikimbia baina ya viti, na kilio cha mmoja kilisikiwa na wote bila aibu.

Filamu iliyokaa zaidi mioyoni mwa watu hao ni Awara, ambayo Raj Kapoor aliiongoza na kuicheza mwenyewe, ikatolewa Bombay mwaka 1951. Raju ni mtoto wa jaji, lakini hajui. Jaji alimfukuza mkewe mjamzito kwa kushuku kwamba mimba si yake, baada ya mke huyo kutekwa na jambazi. Mtoto akakulia mitaa ya kimaskini na akafundishwa wizi na jambazi yule yule, kwa kisasi. Rita, aliyechezwa na Nargis, ni msichana aliyelelewa na jaji, naye anampenda Raju. Mapenzi yao yana moto ambao watu wazima wa Unguja waliukumbuka nusu karne baadaye: mashua usiku wa mbalamwezi, ugomvi wa ufukweni, na ndoto ndefu ya mawingu na moshi ambayo peke yake ilichukua miezi mitatu kupigwa picha. Mama wa Raju anafariki baada ya kugongwa na gari. Raju anahukumiwa kifungo cha miaka mitatu, na Rita anaapa kumngoja. Katika Umoja wa Kisovieti wa wakati ule, filamu hiyo iliuza tiketi zaidi ya milioni 60. Unguja hakuna aliyehesabu hivyo, lakini Fair alikuta wazee walioweza kuimba nyimbo zake tangu mwanzo hadi mwisho, kwa Kihindi, ilhali hawakuwahi kujifunza lugha hiyo popote ila mbele ya kiwambo.

Suala la lugha halikuwa kikwazo kama mgeni anavyoweza kudhani. Filamu hazikuwa na tafsiri ya Kiswahili. Palikuwa na jirani wa kiti cha pili aliyekwisha kuiona, akinong'ona, na palikuwa na maneno mengi ya Kiarabu na Kiajemi ambayo Kiurdu cha nyimbo hizo na Kiswahili viliyachukua kila kimoja kwa njia yake, kwa hiyo dunia, wakati na mahaba viliruka kutoka kwenye wimbo vikamfikia msikilizaji bila mkalimani. Zaidi ya hayo, kisa chenyewe kilikuwa cha nyumbani. Baba mwenye cheo, mwana aliyekataliwa, binti anayependa asikotakiwa: nani katika mji wa pwani hakumjua mmoja wao?

Hapo ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu naona mara nyingi machozi ya watazamaji hawa huelezwa kama udhaifu, kana kwamba walilia kwa kuwa nyimbo zilikuwa tamu. Walilia, ndiyo, kisha wakabishana. Kumbukumbu alizokusanya Fair zinaonyesha kwamba vijana wa miaka ya 1950 na 1960 walizitumia filamu hizi kuzungumza jambo ambalo lilikuwa gumu kuzungumzwa mezani pa wazazi: ni haki ya nani kuchagua mchumba? Wengi wao waliolewa au walioa kwa chaguo la wazee. Hawakukimbia kwao usiku baada ya kuona Awara. Lakini walipata mfano wa kuuliza kwao, mfano wa watu wa mbali ambao mtu angeweza kuwatetea au kuwalaumu bila kumtaja shangazi yake.

Angalia sura ya baba katika filamu hizo. Jaji wa Awara alichezwa na Prithviraj Kapoor, ambaye alikuwa baba mzazi wa Raj Kapoor. Mwaka 1960 mtu huyo huyo, kwa sauti ile ile nzito, alirudi kiwamboni kama Mfalme Akbar katika Mughal-e-Azam ya K. Asif. Safari hii mwanawe ni Salim, aliyechezwa na Dilip Kumar, na anayependwa ni Anarkali, mchezaji ngoma wa ikulu. Filamu ilichukua zaidi ya miaka kumi kukamilika. Sehemu kubwa ni nyeusi na nyeupe, kisha ghafla rangi inaingia, na Anarkali anasimama katika ukumbi wa vioo, mbele ya mfalme, akiimba kwamba aliyependa hana sababu ya kuogopa. Mfalme anatazama juu, na darini anaona vipande elfu vya kioo, na katika kila kipande yule msichana anazunguka. Hakuna pa kugeuzia macho. Mtu mwenye jeshi na hazina yote ya India anashindwa kumwondoa binti mmoja mbele ya macho yake mwenyewe.

Madhubala, aliyemcheza Anarkali, alikuwa na ugonjwa wa moyo wakati akibebeshwa minyororo ya gereza la filamu ile. Alifariki mwaka 1969. Salim anaasi, anapigana na baba yake, anashindwa. Anarkali anahukumiwa kuzikwa hai ndani ya ukuta, na mwisho mfalme anamwachia kwa siri kupitia njia ya chini kwa chini, kwa sharti kwamba Salim asijue kamwe kuwa yu hai. Ni mwisho wa ajabu: hakuna aliyekufa, na hata hivyo watu wawili wamezikwa. Ukumbi ukijaa watu waliolelewa kumheshimu baba kwa kila neno, mwisho kama huo hautoi nafasi ya kusimama upande mmoja kwa starehe. Akbar hakuonyeshwa kama mwovu. Ameonyeshwa kama baba mwenye sababu zake, na hilo ndilo linaloumiza.

Kwa watu wa delta ya Tana, hata hivyo, shujaa anayekufa hakuletwa na meli kutoka Bombay. Fumo Liyongo alikuwa wa huku. Masimulizi yanamweka katika nchi ya Ozi na Shaka, karibu na mdomo wa mto, na kaburi linaloitwa lake huonyeshwa Kipini. Utendi wake, ulioandikwa mwaka 1913 na Muhammad Kijumwa wa Lamu, unasimulia jinsi mfalme wa Pate alivyomwogopa hata akamnunua mwanawe wa kumzaa. Liyongo hakuweza kudhuriwa na silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni. Mwanawe akamwuliza siri hiyo, baba akajua anachoulizwa na kwa nini, na bado akamwambia. Alipochomwa usingizini aliamka, akachukua uta wake, akapiga goti karibu na kisima cha mji huku mshale umetegwa, akafa hivyo. Watu wa mji hawakuthubutu kuteka maji. Walidhani yu hai. Ilibidi mama yake aitwe amsihi, na siku zikapita mpaka maiti ilipoanguka.

Anayekisikia kisa hicho utotoni hahitaji kufundishwa kwamba steringi anaweza kufa. Anajua pia kwamba msiba mkubwa hutoka ndani ya nyumba. Katika filamu za Kihindi ni baba anayeua mapenzi ya mwana. Katika kisa cha Liyongo ni mwana anayemuua baba. Lakini pande zote mbili mkono unaoua ni wa damu moja na anayeuawa, na nadhani ndiyo maana pwani yetu ilizipokea filamu za machozi kama jamaa aliyerudi kutoka ng'ambo.

Mombasa iliufanyia msiba huo kazi nyingine: iliuimba. Mohamed Khamis, aliyejulikana kote kama Juma Bhalo, alizaliwa upande wa Malindi mwaka 1942 na akawa bingwa wa taarabu yenye sauti ya Kihindi. Alikuwa akichukua mdundo wa wimbo wa filamu, pamoja na mapando na mashuko yake ya sauti, pamoja na kinanda na tabla, akauvisha shairi la Kiswahili lenye vina na mizani kamili. Mashairi mengi alipewa na jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi aliyetuachia Malenga wa Mvita. Wapo waliolalamika kwamba huo ni uigaji, na kwamba taarabu ya kweli ni ya udi, kama aliyoipiga Zein l'Abdin wa Lamu. Ubishi huo ulidumu miaka mingi vibarazani, na sioni haja ya kuuamua hapa. Ninachokiona ni kwamba shairi lenye fumbo, la Kimvita hasa, liliingia ndani ya sauti ya mtu anayelia kwenye kiwambo, na arusini wanawake wakatunza kwa noti huku wakijua vyema ni filamu gani inayoimbwa na ni nani kati yao anayesemwa. Kampuni ya Assanand na Wana wa Mombasa ilizitoa nyimbo za taarabu kwa santuri za lebo ya Mzuri, kisha zikaja kaseti, na kaseti hazina mpaka. Juma Bhalo alifariki mwaka 2014.

Miaka ya 1980 deki za video ziliingia majumbani, na mahali pa kulilia pakabadilika. Lamu ndiyo tunayoijua zaidi, kwa sababu mtafiti Minou Fuglesang aliishi na wasichana wa mji huo na mwaka 1994 akachapisha kitabu juu yao. Wasichana na mama zao walikusanyika kwenye nyumba yenye deki, wakakaa chini kwenye mikeka, wakatazama filamu za Kihindi moja baada ya nyingine. Mshono wa nguo ulichunguzwa, nywele zilichunguzwa, na maneno ya mapenzi pia. Ikumbukwe Lamu na visiwa vyake ndiko alikotungia Mwana Kupona, mjane wa mtawala wa Siu, utendi wake mashuhuri wa mwaka 1858, ambamo anamwusia bintiye namna ya kumtii na kumridhisha mume. Mabinti wa miaka ya 1980 walilelewa chini ya kivuli cha wosia huo, na jioni wakawatazama wasichana wa Bombay wakimkatalia baba. Fuglesang hakusema kwamba waliutupa wosia. Waliweka vyote viwili pamoja, jambo ambalo wanadamu hulifanya kila siku.

Njia ya gari ya kwenda Lamu hupita Garsen. Hapo barabara hugawanyika, moja ikielekea Hola na Garissa, nyingine ikivuka Tana kwenda Witu na Mokowe. Kwa hiyo kila kanda iliyotoka Mombasa kwa basi kwenda Lamu ilivuka mto huu. Mji mdogo wa njia panda hauachi vitu vipite bila kuvitazama, na video ikaendelea kusogea kutoka majumba ya wenye uwezo hadi vibanda vya kulipia, popote palipokuwa na jenereta, televisheni na mabati ya kuzuia mwanga.

Kati ya kanda za miaka hiyo, mbili ziligusa sheria ya steringi kwa namna isiyosahaulika. Ya kwanza ni Ek Duuje Ke Liye ya mwaka 1981, iliyoongozwa na K. Balachander. Vasu ni Mtamil asiyejua Kihindi, Sapna ni msichana wa kaskazini asiyejua Kitamil, na nyumba zao zinapakana. Wazazi wanachukiana kwa sababu ya lugha, chakula na desturi. Ndani ya lifti iliyokwama, Vasu anamwimbia Sapna wimbo ambao maneno yake ni majina ya filamu za Kihindi tu, kwa kuwa hayo ndiyo Kihindi pekee alichonacho. Fikiria mtazamaji wa pwani, ambaye naye Kihindi chake kimetoka kwenye majina ya filamu na nyimbo, akimtazama kijana huyo akibembeleza kwa akiba ile ile. Wazazi wanatoa sharti: wakae mwaka mzima bila kuonana wala kuandikiana, na wakiwa bado wanapendana waoane. Mwaka unatimia, wamevumilia, na siku ya kukutana wahuni wanawavamia. Sapna ananajisiwa, Vasu anapigwa hadi karibu na kufa, na wawili hao wanajirusha baharini kutoka kwenye jabali. Magazeti ya India yaliripoti vijana wapenzi waliojiua baada ya kuiona. Mwisho mwingine ukatengenezwa, wa wapenzi kubaki hai, na watazamaji wakaukataa.

Ya pili ni Qayamat Se Qayamat Tak ya Mansoor Khan, iliyotoka Aprili 1988 na kumfanya Aamir Khan kuwa nyota. Koo mbili zina damu baina yao. Raj na Rashmi wanatoroka, wanakaa kwa siku chache katika gofu milimani, wanaunguza chakula na kucheka. Kisha Rashmi, aliyechezwa na Juhi Chawla, anapigwa risasi na watu waliotumwa na baba yake wamuue Raj. Raj anajichoma kisu na kulala kando yake huku jua linazama na jamaa wa pande zote mbili wanakuja mbio, wamechelewa. Hapo pia mwisho wa furaha ulipigwa picha, ukaachwa.

Miisho miwili ya furaha, yote miwili ikashindwa: hilo linasema kitu kuhusu watazamaji kila mahali, si wa India pekee. Mtu aliyelia anataka kuamini kwamba kilichomliza kilikuwa na uzito. Ukimrudishia wafu wakiwa hai, umemwambia machozi yake yalikuwa ya bure.

Baadaye vibandani likaja tabaka jipya la watu kati ya filamu na mtazamaji, wale wasimulizi wanaoitafsiri picha kwa sauti zao: Lufufu upande wa Tanzania, DJ Afro upande wa Kenya. Kazi ya mnong'onezaji wa kiti cha pili pale Majestic sasa ilifanywa kwa kipaza sauti, na kwa maneno ya mtaani, na ikauzwa kwa diski. Wavulana waliozoea filamu za ngumi, wenye ile sheria yao, wakajikuta wamekaa mbele ya mapenzi.

Na katika miaka hiyo ikaja Tere Naam, ya mwaka 2003, ya Satish Kaushik. Radhe, aliyechezwa na Salman Khan, anaanza kama steringi kamili wa kibandani: mbabe, mgomvi, mwenye kundi. Anampenda Nirjara kwa fujo, hata kwa vitisho, na hapo watazamaji wa kike wana kesi nzito dhidi yake ambayo sitaitetea. Anapokubaliwa, siku hiyo hiyo wahuni wanampiga kichwani, anapoteza akili, anapelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili na kufungwa minyororo. Anapona, lakini hakuna anayemwamini. Nirjara anakuja kumwona, anamkuta katika hali inayomkatisha tamaa, anaondoka. Familia yake inamtaka aolewe na mwingine. Radhe anatoroka, anapanda ukuta, anafika kwao akiwa na akili timamu, na anakuta maiti ya Nirjara imelazwa. Marafiki wanamsihi arudi nyumbani nao. Anakataa, anawageukia walinzi wa ile nyumba waliokuja kumtafuta, anapanda gari lao.

Kwa hiyo steringi hakufa. Mvulana anayeishika sheria anaweza kusimama mwishoni mwa picha na kudai kwamba imetimia, na mwenzake wa kiti cha nyuma atamwuliza kama huko anakorudi Radhe kunaitwa kuishi.